Lushoto hadi Mtae na mbwa: mwongozo kamili wa siku nne milimani Usambara

Konda pale Mombo alimtazama Bobi kuanzia masikio hadi mkia, kisha akanigeukia. "Kaka, wewe panda. Huyo mwenzio hapana." Nikamwahidi nauli ya kiti kizima. Akacheka. "Abiria watashuka wote, nibaki na wewe na mbwa wako." Basi likaondoka, sisi wawili tukabaki kwenye jua la Mombo na begi la kilo kumi na tano.

Tangu siku hiyo tumepanda Usambara Magharibi mara tatu, na kila safari imenithibitishia jambo lilelile: kwa anayetembea na mbwa huku kwetu, mlima ndio sehemu nyepesi. Kazi ni kwa watu. Utapita kwenye mashamba yao, utachota maji kwenye bomba lao, utalala uani kwao, na wengi wao mbwa ni najisi kwao au ni mnyama wa kupigwa mawe. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzingatia hilo.

Wapi unaruhusiwa

Anza kwa kufuta kichwani milima maarufu. Kilimanjaro, Meru, Udzungwa, Mlima Kenya: zote ziko ndani ya hifadhi za taifa, na mbwa wa nyumbani haingii. Usibishane na askari wa getini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Mwishoni mwa mwaka 2000 ugonjwa huohuo uliingia kwenye mabanda ya kuzalishia mbwa mwitu kule Hifadhi ya Mkomazi. Ndani ya miezi miwili wakafa 49 kati ya 52. Ukifika Mtae, siku ya nne ya safari hii, utasimama ukingoni na kuitazama Mkomazi yote chini yako. Mimi huwa naikumbuka hesabu hiyo nikiwa pale, na ndiyo maana chanjo ya distempa kwangu haina mjadala.

Kinachobaki ni milima inayokaliwa na watu, na hapo Usambara Magharibi haina mpinzani. Karibu kila tuta lina njia ya miguu, kila baada ya saa mbili kuna kijiji, na vijiji vina maduka. Kipande kimoja tu kinahitaji tahadhari: Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Fika ofisini kwao Lushoto kabla ya safari, sema waziwazi kwamba una mbwa, na uliza kama anaweza kupita akiwa amefungwa kamba. Wakikataa, barabara ya vijijini inakufikisha kulekule, ila kwa vumbi zaidi. Usijaribu kupenya kimyakimya. Msituni kuna mbega na kima, na mbwa mmoja akiwafukuza atawaharibia ruhusa wote watakaokuja nyuma yako.

Kuhusu mbega, neno moja la pembeni. Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, aliyeanzisha ukoo wa watawala wa Kilindi, alitokea Nguu akiwa mwindaji wa nguruwe mwitu, akaingia milimani humu na mbwa wake. Aligawa nyama, akaua simba, watu wakampa nchi. Kwa hiyo mzee akikuuliza kwa mshangao umetoka wapi na mbwa, una jibu. Mimi nililitumia mara moja kijiwe kimoja karibu na Soni na likanipatia kahawa ya bure.

Je, mbwa wako anafaa?

Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 25 ndiye bora kuliko wote. Ana miguu mirefu, manyoya mafupi, na tumbo lililozoea ugali. Mbwa wa pua fupi, wale wanaokoroma hata wakiwa wamelala, mwache nyumbani. Hupoza mwili kwa kuhema, na pua ile haimruhusu kuhema vya kutosha kwenye mwinuko. Mbwa mwenye manyoya mazito atafurahia baridi ya Magamba lakini atateseka Mombo.

Awe ametimiza mwaka mmoja na nusu kabla ya kubeba mzigo, maana mifupa bado inakomaa. Jike aliye kwenye joto asisafiri kabisa: madume ya kila kijiji yatakufuata hadi hemani, na usiku huo hakuna atakayelala, wewe wala wenyeji wako. Mbwa aliyewahi kuuma mtu naye abaki.

Miezi miwili kabla

Nimesema miezi miwili kwa sababu ya chanjo. Mbwa mzima ambaye hajawahi kupata chanjo ya mseto, ile ya distempa, parvo na wenzake, anahitaji dozi mbili zinazopishana wiki tatu hadi nne, kisha muda wa mwili kujenga kinga. Omba iwe na kinga ya leptospira pia. Ndiyo ileile homa ya mgunda iliyotikisa Lindi mwaka 2022. Hupatikana kwenye maji na matope yenye mikojo ya panya na wanyama wengine, na mbwa anayekunywa kila dimbwi yuko mstari wa mbele. Ya kichaa cha mbwa ipigwe angalau mwezi mmoja kabla, na irudiwe kila mwaka. Baadhi ya wilaya huchanja bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi ya chanjo itie kwenye mfuko wa nailoni uibebe. Mwenyekiti wa kijiji akiiona, mazungumzo hubadilika. Ukiwa hapohapo kwa daktari wa mifugo, muulize kama wilaya unayotoka au unayokwenda inadai kibali cha kusafirisha mnyama.

Wiki moja kabla ya safari mpe dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Dawa ya matone ya mgongoni au vidonge hudumu vizuri kuliko kuogesha. Usichanganye dawa mbili bila kumuuliza mtaalamu.

Mazoezi yaanze taratibu. Wiki mbili za kwanza tembea saa moja kila asubuhi. Kisha saa mbili zenye kilima. Kisha saa nne mara moja kwa wiki. Mfuko wake wa mgongoni avae ukiwa mtupu kwanza, siku tatu nne hadi asahau kuwa anao. Wasomaji wa Nairobi wana bahati, maana Msitu wa Karura unaruhusu mbwa waliofungwa kamba, na pale atakutana na watu, baiskeli na mbwa wengine. Sisi wa Tanga tunatumia ngazi na matuta ya mchanga.

Amri nne zinatosha: kaa, njoo, acha, tulia. Ngumu kuliko zote ni "acha." Mfundishe kwa kuku hai. Mfunge kamba fupi, pita umbali wa hatua kumi kutoka kwa kuku wa jirani, na kila anapomtazama kuku kisha akakutazama wewe, mpe kipande cha dagaa. Sogea hatua moja karibu kila siku. Bobi alichukua wiki tano. Ni muda mrefu, lakini jogoo mmoja wa kijijini akiuawa bei yake itapandishwa na hasira za mwenyewe, na habari zitakutangulia hadi Mtae.

Mzigo wake na wako

Mbwa asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa safari ya kwanza. Bobi ana kilo 19, anabeba takriban mbili tu: unga wake na dagaa wake. Kilicho muhimu kuliko uzito ni mlingano. Pima kila upande kwa mizani ya dukani. Upande mmoja ukizidi hata robo kilo, mfuko huanza kulalia huko na mkanda humchubua kwapani kabla ya saa sita mchana. Kila mnapopumzika, ingiza vidole chini ya mikanda na upapase. Manyoya yakiwa yamelala na ngozi ina joto, legeza au mvue.

Kwa chakula, mimi hubeba unga wa dona kilo moja na nusu na dagaa wa Mwanza nusu kilo waliotwangwa, nikiongeza mayai ninayonunua njiani. Uji mzito wa dona na dagaa, bila chumvi, bila kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa, hata kilichopikwa. Zabibu na chokoleti ni sumu kwake pia, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vioo. Mlo mkubwa ni wa jioni, saa moja baada ya kufika. Asubuhi mpe kidogo tu, maana mbwa aliyejaa akikimbia tumbo linaweza kujaa gesi na kujinyonga, na hilo humuua ndani ya saa chache.

Maji: nyumbani mbwa wa kilo 19 hunywa takriban lita moja kwa siku, mlimani hesabu mbili. Mengine kwenye begi lako ni kamba ya mita mbili yenye pete ya kufunga kiunoni, mkanda wa kifuani badala ya kola peke yake, bakuli lake (nitaeleza kwa nini "lake"), godoro la povu lililokatwa kwa kipimo chake, kipande cha blanketi, taulo kuukuu, kengele ndogo, na kijembe kidogo cha kufukia kinyesi. Kinyesi cha mbwa hakiachwi njiani wala shambani. Watu hutembea peku pale, na mboga zile zinakwenda sokoni.

Kwa huduma ya kwanza chukua bandeji, chachi, kibano, chupa ya maji ya chumvi ya dukani, kipimajoto, na soksi za mtoto jozi mbili na plasta. Soksi ni kwa nyayo zilizochanika. Usibebe Panadol wala diklofenaki kwa ajili yake. Dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumuua.

Kufika Lushoto

Baada ya yule konda, sasa nakodi Probox kutoka Mombo, au naungana na mtu mwenye gari lake. Patana kabla mbwa hajasogea karibu na gari, tandika taulo lako, na ukifika pangusa kiti mbele ya dereva. Barabara ya Mombo kwenda Soni hadi Lushoto ni ya lami, kilomita 33 hivi, lakini ina kona kali mfululizo na mbwa wengi hutapika. Asile saa nne kabla. Kamwe usimwache ndani ya gari lililosimama pale Mombo, hata dakika kumi za kununua machungwa. Joto la tambarare lile ndani ya gari lililofungwa ni tanuri.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, njia huwa utelezi mtupu, na vuli nayo huja na ukungu. Ila Juni na Julai zina baridi. Jioni ya Magamba utavaa sweta mbili na mbwa wa pwani atatetemeka.

Njia yenyewe

Siku ya kwanza iwe fupi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, nawe utapanda kuelekea Magamba kwa saa tatu nne za polepole. Lengo ni kumsoma mbwa: anavyohema, anavyotembea akiwa na mzigo, anavyowatazama mbuzi. Lala mapema.

Siku ya pili ndiyo ndefu, kutoka Magamba hadi Lukozi. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Hapa unatoka kwenye miti na kuingia kwenye mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyopangwa kwenye miteremko kama ngazi. Ni pazuri, na ndipo kuna hatari ambayo wageni hawaijui: dawa za mboga. Ukiona mtu amebeba bomba la mgongoni au pakiti tupu za dawa kando ya mfereji, mbwa asinywe maji ya chini ya hapo na asilambe majani. Mpe maji yako. Kijito kinachotoka msituni moja kwa moja, juu ya shamba la mwisho, hakina shaka ya dawa, ingawa wewe mwenyewe chemsha.

Siku ya tatu, Lukozi hadi Rangwi, ni ya kupanda na kushuka. Miteremko humchosha mbwa mwenye mzigo kuliko milima, kwa hiyo mimi huvua mfuko wa Bobi kwenye mteremko mkali na kuufunga juu ya begi langu. Rangwi kuna nyumba ya masista wanaopokea wageni. Piga simu kabla na useme una mbwa atakayelala nje; usiwashtukize.

Siku ya nne, Rangwi kupitia Sunga hadi Mtae. Kamba isifunguliwe hata kidogo kuanzia Sunga. Mtae umekaa juu ya mgongo wa mlima, ardhi inakatika ghafla pembeni, na ukungu wa alasiri hufuta ukingo usiuone. Safari yetu ya pili, mwanambuzi mmoja aliruka kutoka kichakani upande wa kulia na Bobi akarusha mwili wake wote kumfuata. Kamba ilikuwa kiunoni mwangu. Nilianguka kwa magoti, na mbele yake, hatua tatu hivi, nyasi zikaisha na kukawa na weupe mtupu. Mbuzi yeye alijua njia yake.

Kamba yako ifunge kiunoni kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta. Kama ni mbwa mkubwa kuliko wewe unavyoweza kumzuia, ishike mkononi.

Adabu za vijijini

Vijiji vingi vya Usambara vina Waislamu na Wakristo pamoja, na utajua kwa misikiti na makanisa yanayotazamana. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu ya pwani na bara hii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo nililijua tangu madrasa lakini sikulifikiria hadi Lukozi.

Tulikuwa kwa mama ntilie mmoja, nakunywa chai ya tangawizi. Bobi amelala chini ya benchi. Kumbe nyuma ya benchi kulikuwa na beseni la maji ya kusuuzia vikombe, naye akapenyeza kichwa na kunywa. Mama yule hakupiga kelele. Alimwaga maji, akainama akachota udongo mkavu kando ya mfereji, akausugua beseni lote, akasuuza. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Walipofika sita nikasema, "Shikamoo mama, nisamehe sana. Niongeze maji?"

"Marahaba. Bado moja tu, mwanangu. Ile ya udongo imeshahesabiwa."

Nikataka kulipa. Akakataa pesa ya usumbufu, akachukua ya chai. Kisha akaniuzia bakuli jekundu la plastiki na kuniambia lining'inie nje ya begi, "ili kila mtu aone kuwa mbwa ana chombo chake." Nimefuata ushauri huo tangu siku hiyo na kweli unafanya kazi. Watu huliona kabla hawajaniuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia kijijini simama, fupisha kamba hadi mbwa awe kando ya goti lako, na umweke upande ulio mbali na watu. Salimia wewe kwanza, na wazee kwa shikamoo. Kwenye bomba au kisima, mfunge mbali, nenda na chupa, urudi umpe kwenye bakuli lake. Usipite mbele ya msikiti wakati watu wanaingia. Mate yake yakigusa kanzu ya mtu aliyetawadha umemharibia sala. Usiingie naye dukani wala uani hadi ukaribishwe, na ukikaribishwa, karibisho ni lako. Yeye hubaki nje ya ua isipokuwa mwenyeji aseme vinginevyo. Ukifika kijiji cha kulala, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti, jiandikishe, onyesha kadi ya chanjo, muulize wapi panafaa.

Watoto watakuja. Wengine wanaogopa kweli, kwa sababu mbwa wanaowajua huuma. Mkalishe Bobi, chuchumaa kando yake, waambie jina lake. Jina hubadilisha mambo. Dakika mbili baadaye wanalitamka kijiji kizima. Wasiomtaka wasilazimishwe kumgusa, na mzazi mwenye wasiwasi hana haja ya kueleweshwa chochote. Ondoka tu.

Mbwa wa vijiji ni hadithi nyingine. Hutoka watatu wanne, wakibweka kutoka mbali. Usikimbie, na usimwinue mbwa wako juu, maana watakurukia wewe. Simama, mweke nyuma yako, kisha inama kama unaokota jiwe. Huhitaji jiwe. Kila mbwa wa Afrika Mashariki anaijua ishara ile tangu utotoni na hurudi nyuma hatua kumi. Songa mbele polepole, uiname tena wakisogea.

Wakulima wengine wataona una mbwa na kukuomba umwachie afukuze nyani shambani. Kataa kwa heshima. Dume la nyani lina meno marefu kuliko ya mbwa na linajua kuyatumia.

Usiku

Kabla ya kusimamisha hema, zunguka hatua ishirini kila upande ukitazama chini. Unatafuta siafu. Safari ya kwanza sikufanya hivyo. Nilimfunga Bobi chini ya mti, mimi nikalala ndani. Saa nane usiku nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si kubweka wala kulia, bali kama mtu anayenong'ona kwa haraka. Tochi ikaonyesha miguu yake minne myeusi hadi kwenye magoti. Nilikata kamba kwa kisu, nikambeba hadi barabarani, nikawa nang'oa mmoja mmoja hadi saa kumi. Vichwa vya baadhi vilibaki vimeng'ang'ania ngozi. Mbwa aliyefungwa hawezi kuwakimbia siafu, na mbwa mdogo wanaweza kumuua.

Tangu hapo Bobi hulala ndani ya hema, kwenye kipande chake cha godoro, na mimi huzungushia hema majivu ya jikoni kama wenyeji wanavyofanya kwenye mabanda ya kuku. Taulo kavu kabla ya kuingia, maana mbwa aliyelowa hutia unyevu hema zima.

Kila jioni, kabla ya chakula, mkague kwa tochi na vidole: ndani ya masikio, chini ya mkia, makwapani, na katikati ya kila kidole cha mguu. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kuzungusha. Kati ya vidole tafuta funza pia, kidoti cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Vumbi la mazizi ya mbuzi limejaa funza, na mbwa hulamba mahali panapowasha hadi panachubuka.

Mambo yakiharibika

Joto kali ndilo huua mbwa wengi njiani. Dalili za mwanzo ni kuhema kwa kelele, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kisha kuyumba. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likifika 41 ni dharura. Mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni na mapajani, mpepee, mwache anywe kidogo kidogo. Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe.

Unyayo uliochanika: osha kwa maji ya chumvi, funika kwa chachi, vika soksi, zungushia plasta juu ya soksi, si juu ya ngozi. Vua usiku pakauke. Mzigo wake unahamia kwako.

Nyoka, hasa kifutu anayelala katikati ya njia: mbwa akiumwa usikate, usifunge kamba, usinyonye. Mbebe asitembee, na utafute pikipiki kwenda kwa mtaalamu wa mifugo. Ndiyo maana kila siku asubuhi mimi huandika namba ya bwana mifugo wa kata ninayoingia, niliyoipata kwa mtendaji wa kata ninayotoka.

Mbwa mgeni akimuuma wako, osha kwa sabuni na maji mengi, na apate chanjo ya kuongezea nguvu. Akikuuma wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, bila kupunguza, kisha hospitali siku hiyohiyo. Safari imeishia hapo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kurudi

Kutoka Mtae magari huondoka alfajiri sana, na konda wa huko naye atakuambia alichoniambia yule wa Mombo. Mpange mtu wa gari dogo tangu ukiwa Lushoto, siku ya kwanza, na umlipe nusu.

Nyumbani muogeshe, kata kucha zilizomeguka, mpe siku tatu za kupumzika. Kisha weka alama kwenye kalenda: wiki tatu. Homa zinazoletwa na kupe huchelewa siku nane hadi ishirini na moja hivi kujitokeza, na mwenye mbwa wakati huo ameshasahau safari. Akikataa chakula, akiwa mzito kuamka, ufizi ukipauka au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo na umwambie alikuwa Usambara. Tarehe ya kushuka mlimani mimi huiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi ya chanjo, chini ya zile mbili za kwanza.